Kuomba Maji kwa Mawimbi ya Ubongo

Ndugu msomaji, tuanze na mfano wa kubuni, ingawa maradhi yenyewe si ya kubuni. Mzee mmoja wa Ngamiani, katika mji wa Tanga, amepatwa na kiharusi kilichoharibu shina la ubongo, yaani sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Mikono haimtii, miguu haimtii, na ulimi hauwezi tena kuunda neno. Hata hivyo masikio yake yanaisikia adhana, anawatambua wajukuu kwa sauti zao, na anaelewa kila linalosemwa kando ya kitanda chake, hata yale ambayo wasemaji hudhani hayasikii. Madaktari husema kwamba mtu wa namna hii amefungiwa ndani ya mwili wake. Akili yake ni nzima, lakini njia zote za kuitolea habari zimekatika.

Wagonjwa wengi wenye hali hiyo hubakiwa na uwezo wa kupepesa kope au kuinua macho. Kwa hao msaada wa kwanza si mtambo, bali ni ubao wa herufi na ndugu mwenye subira. Herufi hutajwa moja moja, na mgonjwa hupepesa inapofika anayoitaka. Njia hiyo haitaki umeme wala fedha, na wala isidharauliwe. Lakini wako wagonjwa ambao hata macho huwagomea. Kwa ajili yao wanasayansi wamejiuliza swali zito: je, neno laweza kutoka katika ubongo moja kwa moja, bila kupitia msuli wowote?

Jibu ni kwamba laweza, kwa kiasi na kwa taratibu. Chombo hupokea mawimbi ya umeme kutoka kichwani, na kompyuta huyageuza kuwa herufi. Makala haya yataeleza jinsi jambo hilo linavyofanyika. Zaidi ya hapo yataeleza kwa nini programu za kompyuta zinazofanya kazi hiyo hazina budi kuwa wazi, yaani ziwe huria, ili mtu yeyote mwenye ujuzi aweze kuzisoma, kuzikagua na kuzirekebisha.

Umeme ulio kichwani

Ubongo wa binadamu una mabilioni ya seli za neva, na seli hizo hupashana habari kwa kemikali na kwa umeme. Seli moja hutoa umeme mdogo mno usioweza kusikika nje ya fuvu. Lakini maelfu kwa maelfu ya seli zinapofanya kazi kwa pamoja, umeme wao hujumlika, hupenya fuvu na ngozi, na huweza kupimwa kwa vipande vidogo vya madini viitwavyo elektrodi.

Mtu wa kwanza kupima umeme huo juu ya kichwa cha binadamu alikuwa daktari wa Ujerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena. Alianza kupata michoro yake mwaka 1924, akaichapisha mwaka 1929. Aligundua kwamba mtu anapotulia na kufumba macho hutokea mawimbi ya mara 8 hadi 13 kwa sekunde, na anapofumbua macho mawimbi hayo hupungua. Kipimo hiki hujulikana hospitalini kwa herufi EEG, na hutumika hasa kuchunguza kifafa.

Yafaa tukumbuke udogo wa umeme tunaouzungumzia. Mawimbi ya ubongo juu ya ngozi huwa na nguvu ya mikrovolti 10 hadi 100, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Betri ya tochi ina volti 1.5. Kwa hiyo wimbi la mikrovolti 50 ni dogo kuliko nguvu ya betri hiyo kwa mara 30,000. Kupepesa jicho, kuuma meno au kukunja paji la uso huzalisha umeme unaolizidi wimbi hilo. Hii ndiyo shida kuu ya elimu hii nzima. Chombo chaweza kudhani kimesikia ubongo, kumbe kimesikia taya.

Kutoka wimbi hadi herufi

Mwaka 1973 Jacques Vidal, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, aliandika makala yaliyopendekeza kwamba mawimbi hayo yaweza kutumika kuiongoza kompyuta. Miaka kumi na mitano baadaye, yaani mwaka 1988, Lawrence Farwell na Emanuel Donchin walionyesha njia iliyo rahisi kueleweka, nayo ingali msingi wa kazi nyingi hadi leo.

Mgonjwa huwekewa mbele yake jedwali la herufi lenye safu 6 za kulala na safu 6 za kusimama, yaani vyumba 36. Safu hizo humulikwa moja baada ya nyingine bila mpango maalumu. Mgonjwa huikazia fikira herufi anayoitaka na kuhesabu kimoyomoyo kila inapomulikwa. Katika mimuliko 12 ya mzunguko mmoja ni miwili tu inayoigusa herufi yake: mmoja wa safu ya kulala na mmoja wa safu ya kusimama.

Kila mara herufi anayoingoja inapomulikwa, ubongo wake hutoa wimbi la pekee baada ya takriban sehemu 300 za elfu za sekunde. Hali hii si ngeni kwetu. Mtu aliyeketi katika foleni ya hospitali husikia majina mengi yakiitwa bila kushtuka, lakini linapoitwa la kwake akili huamka. Ubongo wa mgonjwa huitika vivyo hivyo kwa herufi yake.

Wimbi hilo limezama ndani ya kelele za mawimbi mengine, kwa hiyo mzunguko mmoja hautoshi. Kompyuta hurudia mimuliko mara nyingi na kutafuta wastani. Kelele, kwa kuwa hazina mpango, hufutana, na wimbi linalotafutwa hubaki. Mahesabu yanaonyesha kwamba ukirudia mara 16 kelele hupungua hadi kufikia robo. Faida hiyo hununuliwa kwa muda. Katika kazi ya mwaka 1988 kasi iliyopatikana ilikuwa kama herufi 2.3 kwa dakika. Kwa kasi hiyo maneno “naomba maji”, yenye herufi 10 na nafasi moja, yangechukua karibu dakika tano. Kwako wewe na mimi ni mwendo wa kobe. Kwa mtu ambaye hajaomba maji kwa mwaka mzima, dakika tano si kitu.

Siku hizi ziko pia njia za kupachika elektrodi ndani ya ubongo wenyewe kwa upasuaji. Njia hizo zina kasi kubwa zaidi, lakini zataka wapasuaji bingwa, fedha nyingi na uangalizi wa miaka. Makala haya yanahusu njia ya nje ya fuvu, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na uwezo wa maabara zetu.

Programu iliyo wazi ni nini?

Kati ya kichwa cha mgonjwa na herufi iliyo katika kioo cha kompyuta kuna programu, yaani mfululizo mrefu wa maagizo. Programu hupokea mawimbi, huchuja yasiyotakiwa, huyapima, kisha huamua: “herufi ni M.” Hukumu yote imo humo. Maagizo hayo, ambayo wataalamu huyaita msimbo, yaweza kufichwa na mwenye mali, ukabaki kuona matokeo tu. Au yaweza kuachwa wazi kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuyatumia, kuyasoma, kuyabadili na kuyasambaza.

Katika utafiti wa ubongo ziko programu kadhaa za namna ya pili. BCI2000 ilitokana na maabara ya Wadsworth mjini Albany, jimbo la New York, na kuelezwa rasmi mwaka 2004 na Gerwin Schalk na wenzake. Mwaka huohuo Arnaud Delorme na Scott Makeig wa San Diego walitoa maelezo ya EEGLAB, inayotumika kuchambua mawimbi yaliyokwisha kurekodiwa. Taasisi ya Inria ya Ufaransa ilitoa OpenViBE, ambayo mtumiaji huijenga kwa kuunganisha visanduku kwenye kioo, kama fundi anayeunganisha mabomba. Nayo MNE-Python hutumia lugha ya kompyuta iitwayo Python, ambayo haiuzwi.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. EEGLAB ni huria, lakini kwa kawaida hutumika ndani ya programu nyingine iitwayo MATLAB, ambayo hununuliwa. Ni sawa na kuachiwa mlango wazi katika nyumba iliyo ndani ya ua wenye kufuli. Mtafiti wa nchi yenye fedha chache hana budi kuuliza si tu kama programu ni huria, bali pia kama yote inayoitegemea ni huria.

Wakazi wa Tanga wanaweza kuielewa habari hii kwa mfano wa mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Mkonge huchipuza vitoto vingi juu ya mlingoti wake, na kutokana na miche hiyo michache yakaenea mashamba yaliyobadili sura ya pwani hii. Programu nayo huzaliana hivyo, kwani nakala moja hutoa maelfu bila ya kwanza kupungua. Lakini historia ya mkonge inatufundisha pia kwamba kuzaliana kwa mmea hakukumnufaisha manamba aliyeukata. Faida ilifuata milki. Katika programu mambo ya milki huamuliwa na leseni, na ndiyo maana yatubidi kuisoma.

Uwazi ni kinga ya ukweli

Wengine hudhani sababu ya kupenda programu huria ni kuepuka gharama. Gharama ni sababu, lakini si ya kwanza. Sababu ya kwanza ni ukweli.

Mwaka 2017 kikundi cha watafiti wa Ulaya kiliandika kwamba kimeweza kuzungumza na wagonjwa wanne waliofungiwa kabisa ndani ya miili yao, wasioweza hata kusogeza macho. Kwa kupima mabadiliko ya damu katika ubongo, ilisemwa, wagonjwa waliweza kujibu “ndiyo” au “hapana”. Tena walipoulizwa kama wanafurahia maisha walijibu “ndiyo”. Habari hizo zilienea ulimwenguni, na jamaa za wagonjwa wengi walitiwa moyo. Baadaye mtafiti mwingine alizichambua upya data hizo, wala hakuyapata matokeo yaliyodaiwa. Uchunguzi ukafanywa, na mwaka 2019 jarida lililochapisha makala yale likayafuta.

Fikiri, msomaji, uzito wa jambo hilo. Si suala la takwimu tu. Ni suala la mke aliyeambiwa kwamba mumewe amesema ndiyo. Iwapo kompyuta itamsemea mtu asiyeweza kujisemea, na iwapo hukumu ya kompyuta hiyo haiwezi kukaguliwa, basi tutakuwa tumeweka maneno kinywani mwa mgonjwa na kuyaita yake. Data na msimbo vikiwekwa wazi, mtaalamu wa Muhimbili, wa Nairobi au wa Berlin aweza kurudia kila hatua na kuuliza: je, hapa tumesikia ubongo, au tumesikia kelele? Uwazi hauzuii makosa kutokea. Huzuia makosa kujificha.

Sababu ya pili ni kudumu kwa msaada. Kampuni moja ya Marekani ilitengeneza jicho la bandia lililopachikwa kwa upasuaji, na watu zaidi ya 350 duniani wakawekewa. Mwaka 2019 kampuni iliacha kulitengeneza, na mwaka uliofuata ikakaribia kufilisika. Wale waliokuwa na vifaa hivyo ndani ya macho yao wakabaki bila msaada wa uhakika vinapoharibika. Programu huria peke yake haiwezi kutengeneza kifaa kilichovunjika, lakini walau maarifa ya jinsi kinavyofanya kazi hayafi pamoja na kampuni.

Umeme, nywele na lugha

Sababu ya tatu inatuhusu sisi moja kwa moja. Kila programu hubeba ndani yake desturi za mahali ilipozaliwa. Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni umeme. Nyaya za umeme ukutani huingiza kelele katika kipimo cha ubongo. Marekani umeme huzunguka mara 60 kwa sekunde. Hapa kwetu, uwe umetoka Hale, Pangani au kwingineko katika gridi ya taifa, huzunguka mara 50. Chujio lililowekwa kwa desturi ya Marekani litaondoa kelele isiyokuwapo Tanga na kuiacha iliyopo. Kurekebisha ni kazi ya kubadili tarakimu moja tu, lakini ni lazima kwanza mtu ajue kwamba tarakimu ipo na aruhusiwe kuigusa.

La pili ni nywele. Elektrodi hazina budi kugusa ngozi ya kichwa. Kofia nyingi za kipimo zilibuniwa kwa nywele laini zinazotengana kwa urahisi. Juu ya nywele za kipilipili au zilizosukwa, elektrodi huelea na mawimbi huharibika. Matokeo yake ni kwamba watu wenye asili ya Kiafrika huachwa nje ya uchunguzi mara nyingi, na programu hufundishwa kwa mawimbi ya watu wengine. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walieleza vibanio vinavyoshikilia elektrodi katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, hivyo msuko ukageuka kutoka kikwazo kuwa msaada. Kila msusi wa Tanga anayesuka twende kilioni anao ujuzi wa kupanga mistari ambao maabara ingeweza kuutumia.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni lugha. Jedwali la vyumba 36 lilipangwa kwa herufi 26 za Kiingereza. Kiswahili hakina haja ya Q wala X, na C hatuitumii ila katika CH. Basi herufi 24 zatutosha, na vyumba 12 hubaki kwa maneno ambayo mgonjwa huyahitaji kila siku: maji, maumivu, nigeuzeni, joto, baridi, niiteni daktari. Mgonjwa akiwa na chumba cha “maji”, zile dakika tano hupungua hadi chini ya nusu dakika kwa kasi ileile ya mwaka 1988.

Lakini ugumu hauishii kwenye herufi. Programu nyingi huharakisha uandishi kwa kubashiri neno: mgonjwa aandikapo herufi mbili au tatu, kompyuta humpendekezea neno zima kutoka katika orodha. Kwa Kiingereza orodha ya maneno yaliyo tayari hufaa. Kwa Kiswahili haifai vivyo hivyo. Chukua neno “hawajaniletea”. Ni neno moja la herufi 13, lakini ndani yake mna kanusho, watendaji, wakati, mtendewa, kitendo na kauli ya kutendea. Kitenzi “leta” peke yake huzaa maumbo mengi mno yasiyoweza kuorodheshwa yote. Kompyuta ya Kiswahili yapasa kubashiri kiungo baada ya kiungo: ha, wa, ja, ni, letea. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mhandisi wa ng'ambo akiwa peke yake. Yataka mtaalamu wa sarufi ya Kiswahili aketi pamoja na mtaalamu wa kompyuta, na yataka programu ambayo wote wawili wanaruhusiwa kuifungua.

Kwamba jambo hilo lawezekana, ushahidi tunao. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliosaidiwa na Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia mahesabu iliyosema Kiswahili. Wataalamu walikusanya istilahi, wakazijadili, wakaziingiza ndani ya programu. Hawakulazimika kumsubiri mwenye mali aamue kama Kiswahili kina faida sokoni, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi.

Kazi iliyo karibu zaidi

Msomaji aweza kuuliza: je, nchi yenye malaria, yenye upungufu wa madaktari wa mishipa ya fahamu, yapaswa kushughulika na mambo haya? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba programu zilezile zinazotafuta herufi ndani ya mawimbi ya ubongo ni nduguze zile zinazotafuta maradhi.

Ukivuka mpaka pale Horohoro na kuipita Mombasa utafika Kilifi. Huko, watafiti wa taasisi ya KEMRI na wenzao wa Wellcome Trust waliwapima kwa EEG watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. Waliona kwamba baadhi ya watoto waliolala kimya walikuwa katikati ya degedege. Alama pekee ya nje ilikuwa kutikisika kidogo kwa kidole, kope au pembe ya mdomo, na pengine haikuwapo alama yoyote. Mama aliyeketi kando, na hata muuguzi, angedhani mtoto amepumzika.

Upande wetu wa mpaka, Hospitali ya Teule huko Muheza ilishiriki katika utafiti mkubwa wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, uliofanywa kati ya mwaka 2005 na 2010. Utafiti huo ulithibitisha kwamba dawa ya artesuneti huokoa maisha kuliko kwinini: vifo vilikuwa asilimia 8.5 badala ya 10.9. Watoto wengi zaidi wanapona. Lakini miongoni mwa wanaopona malaria ya ubongo wako wanaobaki na kifafa, udhaifu wa viungo au ugumu wa kujifunza. Kuwatambua na kuwafuatilia kwataka vipimo vya ubongo, na vipimo vyataka watu wa kuvisoma, ambao ni wachache. Programu huria inayoweza kumwonyesha mganga wa wilaya mahali pa kuangalia katika mchoro mrefu wa mawimbi si anasa. Na anayejifunza kuchuja mawimbi kwa ajili ya herufi amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya kuyachuja kwa ajili ya kifafa.

Mipaka isiyofaa kusahauliwa

Yafaa tujihadhari na shauku iliyozidi kipimo. Kwanza, chombo hiki hakisomi mawazo. Kinatambua kuitika kwa ubongo kwa jambo lililopangwa mapema, na mtu asiyetaka kushiriki hawezi kulazimishwa nacho kuandika hata herufi moja.

Pili, programu kutolewa bure hakufanyi maabara iwe ya bure. Chombo cha kukuzia mawimbi hununuliwa, elektrodi huchakaa, jeli ya kupakia kichwani huisha, na umeme hukatika. Wako waliojaribu kupunguza gharama, kama OpenBCI ya Marekani iliyoanza kuchangisha fedha kwa watu wa kawaida mwishoni mwa mwaka 2013 na kuweka wazi michoro ya vyombo vyake. Lakini hata vyombo hivyo ni vya utafiti na mafunzo, wala havichukui nafasi ya vyombo vya hospitali vilivyothibitishwa.

Tatu, mawimbi ya ubongo wa mtu ni siri yake. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na utafiti wa afya hauna budi kupata idhini ya maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Tuwe wazi kwa msimbo, tusiwe wazi kwa wagonjwa. Msimbo ni mali ya wote, lakini mawimbi ni ya mwenye kichwa, na hayatolewi ila kwa ridhaa yake na baada ya jina lake kuondolewa. Na kwa mgonjwa asiyeweza kusema, kuipata ridhaa hiyo ni kazi ya kwanza ya utafiti, haiwi ya mwisho.

La kufanya

Mambo matatu yaweza kuanza bila kungoja jengo jipya. Vyuo vyetu vyaweza kuwafundisha wanafunzi uchambuzi wa mawimbi kwa MNE-Python na kwa data zilizokwisha kuwekwa wazi na vyuo vingine, ambako hahitajiki mgonjwa wala chombo, ila kompyuta. Mfano wa jirani upo: mwaka 2011 shirika la TReND in Africa lilianza kuendesha mafunzo ya sayansi ya neva huko Ishaka, Uganda. Wataalamu wa Kiswahili na wa kompyuta waweza kutengeneza jedwali la Kiswahili na kanuni za kubashiri viungo vya vitenzi, kisha kuzirudisha katika programu huria ili mgonjwa wa Mombasa, Bukavu au Maskati naye azitumie. Na kijana wa Usagara au Galanos anayependa hisabati aweza kuambiwa kwamba wastani, mzizi wa pili wa namba na mawimbi, mambo anayofundishwa ubaoni, ndivyo vitu vinavyoweza kumtoa mtu kimyani.

Tumrudie mzee wetu wa Ngamiani. Mjukuu amemwamkia “shikamoo, babu”, na kwa muda mrefu salamu hiyo haijapata jibu. Siku itakapowezekana kujibiwa, lisije jibu likatokana na chombo kilichobahatisha, likaandikwa kwa lugha isiyo yake, wala lisikatike kwa sababu kampuni ya mbali imefunga milango. Liwe ni neno lake mwenyewe, tena tuweze kulithibitisha kuwa ni lake. Ndiyo maana ya kutaka programu zinazousikiliza ubongo ziwe wazi.